Mtakatifu wa Kitabu cha Shasha

Kitabu kile Papa, baba yangu, alikipata sokoni Shasha kwa nusu debe la maharagwe, na alikitaka kwa sababu kilikuwa kinene. Alikuwa ameshuka ziwani kuuza mavuno ya kwanza na kurudi na chumvi na samaki wakavu, kama kila mwaka. Mama mmoja mchuuzi alikuwa anachana kurasa zake moja moja kufungia chumvi. Jalada lilikuwa limekwisha kuondoka, pamoja na kurasa chache za mwanzo. Papa, ambaye alisoma kwa kidole na kwa shida, aliona picha ya msichana amepiga magoti, kitambaa kichwani, mikono kifuani. Akafikiri: huyu ni mtakatifu, na mama huyu anamfungia chumvi. Akamwokoa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Tulikaa mlimani juu ya Kibabi, watu wa maharagwe na muhogo, Wakristo tangu enzi za babu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilikuwa nimesoma misheni miaka mitano, kwa hiyo msomaji wa nyumba yetu alikuwa mimi. Kila jioni kabla ya giza, baada ya rozari, niliwasomea Papa na Mama kijitabu cha maisha ya watakatifu. Tulikuwa nacho kimoja tu. Tulikuwa tumekirudia mara nyingi hata Mama, asiyejua herufi moja, alikuwa ananisahihisha nikiruka mstari.

Nami nilikuwa nimekichoka. Watu wale wote walikuwa wema tangu tumboni, na mimi nilikuwa mtoto wa kununa na kujibu. Misheni, binti wa karani mmoja alikuwa ametuambia kwamba mjini kuna vitabu vya vijana ambamo wasichana wanatoroka, wanaandikiwa barua, wanagombana na wakubwa na wanashinda. Alitusimulia kimoja nusu, akahama na baba yake kabla ya kumaliza. Nilimchukia mwezi mzima. Tangu hapo nilisoma kila kilichopita mbele yangu: maandishi ya magunia, karatasi za sabuni, hata tangazo la kodi lililobandikwa ukutani kwa chifu, nikitafuta kama ndani yake kuna msichana yeyote anayetoroka.

Papa aliponikabidhi kitabu, nilisimama mlangoni nikasoma nusu ukurasa. Msichana wa picha alikuwa amepiga magoti kweli, lakini hakuwa anasali. Alikuwa anachungulia kwenye ufa wa mlango kumtazama fundi cherehani aliyekaa barazani ng'ambo ya njia.

"Iko mutakatifu gani mule?" Papa akauliza.

Padri alikuwa amesema wazi kanisani kwamba vitabu vya anasa mahali pake ni motoni, na Papa alikuwa mtu wa kutii Padri siku ileile. Nilikiona kitabu changu kikiungua kabla sijajua kama fundi aliinua macho.

"Iko binti moja wa mbali, Papa," nikasema. "Banasema aliteswa sana."

Mateso yalikuwamo. Mjomba wake alitaka kumwoza kwa mzee mmoja tajiri, akamfungia stoo. Papa akatikisa kichwa kwa huruma, akakiweka kitabu mezani chini ya msalaba, na jioni ile nikaanza kuwasomea.

Kilichonisaidia ni Kiswahili chenyewe. Kilikuwa cha pwani, kimenyooka, kimejaa maneno ambayo hakuna mtu wa Kibabi aliyeyatamka maishani mwake. Sisi Kiswahili cha namna hiyo tulikisikia mahali pawili tu, katika katekisimu na kwenye altare. Basi kwa masikio ya Mama kila sentensi ilikuwa na harufu ya ubani. Palipokuwa na hatari nilibadilisha. Fundi cherehani nilimfanya mshonaji wa nguo za Misa. Barua zake, alizozificha ndani ya mkate, zilianza, "Mpenzi wangu, tangu nikuone silali," nami nikasoma, "Ee Mungu wangu, tangu nikujue silali." Mama alifumba macho akasema amina. Nilijiuma shavu nisicheke, nikageuza ukurasa.

Niliona raha, sifichi. Nilijiona mjanja kuliko Padri.

Lakini jioni haikunitosha. Nilikuwa nakichukua kitabu mchana, nakifunga kiunoni chini ya kitenge, nakwenda nacho shambani. Ulikuwa wakati wa kung'oa maharagwe. Nilikuwa nang'oa mistari miwili haraka haraka, halafu nalala kifudifudi nyuma ya lundo la mimea nasoma, sikio moja likisikiliza nyayo. Mara mbili Papa alipita karibu, nikahisi moyo unapiga ardhini. Nilikuwa nakirudisha chini ya msalaba kabla hawajaingia, nikipangusa vumbi kwa kiganja. Kisha jioni nawasomea yale niliyokwisha kujua, na sauti yangu inajifanya kushangaa.

Mama alianza kumwomba yule binti wiki ya pili. Sikumwambia afanye hivyo. Katika litania ya jioni, baada ya watakatifu wetu wa siku zote, aliongeza polepole, "Na weye binti wa kitabu, utuombee." Papa akajibu, "Utuombee." Na mimi nikajibu.

Jumapili moja, tukitoka Misani, mwanamume aliyetoka Kibua alitungoja njiani. Alikuwa amebeba ujumbe wa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Dada alikuwa ameolewa huko mwaka uliotangulia, kwa kijana aliyefanya kazi ya barabara upande wa Walikale, na alikuwa na mimba yake ya kwanza. Dada huyu ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, na ndiye peke yake nyumbani aliyeweza kunifanya nicheke nikiwa nimenuna. Mwanamume yule akasema, "Mama, mutoto wenu iko anavimba. Miguu, mikono, na uso pia. Kichwa inamuluma sana, na macho inaona giza-giza."

Papa akasema kila mwanamke mwenye mimba huvimba. Mama aliharakisha hatua mpaka tulipofika nyumbani.

"Mama mudogo wako alivimba vile vile," akaniambia mimi, si Papa. "Njo ile ilimubeba, akakufa. Mi naenda Kibua. Batamubeba na machela mpaka hospitali, hata akikataa."

Kibua ni mwendo wa siku tatu kwa miguu, unashuka mpaka msitu unaanza. Jumatatu Mama alifunga kikapu: unga wa muhogo, siagi katika kibuyu, vitambaa vya mtoto. Angeondoka Jumanne alfajiri na Papa angemsindikiza. Maharagwe yalikuwa uwanjani yanasubiri kupigwa, na mawingu yalikuwa yanakusanyika, lakini Mama alisema mvua ikinyesha na inyeshe.

Jioni ile tukasali, kisha wakaniambia nisome.

Nilikuwa nimefika mahali pabaya. Binti alikuwa ametoroka stoo, amekutana na fundi cherehani kwenye nyumba ya bibi mmoja, na kwa kurasa saba nzima walikuwa wanaambiana mambo. Hapakuwa na namna ya kugeuza. Sikuwa na sala za kutosha kichwani kujaza kurasa saba. Mama alikuwa ananitazama, uso umechoka, mikono juu ya magoti, na mimi nilikuwa namfikiria dada. Mdomo wangu ukaanza kwenda wenyewe.

Nikasoma kwamba katika nyumba ya bibi yule palikuwa na mwanamke mwenye mimba, amevimba miguu na mikono na uso, haoni vizuri. Nikasoma kwamba binti alipiga magoti, akaweka mkono juu ya tumbo lake, akasali mpaka jogoo akawika. Na asubuhi uvimbe ukawa umeshuka, na mtoto akazaliwa mzima, na mama mzima. Yote hayo niliyasoma macho yangu yakitembea juu ya midomo ya fundi na shingo ya binti.

Nilipoinua kichwa Mama alikuwa analia. Sikuwahi kumwona akilia namna ile, bila sauti, huku anatabasamu.

"Papa," akasema, "umesikia?"

"Nimesikia."

"Kitabu ilitoka Shasha ikakuya kwetu. Hatukujua ilikuya juu ya nini. Sasa tunajua." Akainuka, akafungua kikapu, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja. Unga kwenye chungu. Siagi mahali pake. "Nimemuachia huyu binti mutoto wangu. Nikienda sasa, itakuwa kama sina imani."

Papa alishusha pumzi. Alikuwa anayafikiria maharagwe, naye hakuficha kwamba amefurahi.

Hapo ndipo ningepaswa kusema. Sentensi moja ingetosha: Mama, haimo, nimeitunga mimi. Niliifungua midomo. Kisha nikaona mkono wa Papa uko juu ya kitabu, anakipapasa kama mtu anavyompapasa ndama, nikajua kwamba nikisema, mkono huo huo utakitia motoni. Zilikuwa zimebaki kurasa arobaini. Mjomba alikuwa amegundua alipojificha binti, na fundi alikuwa amekamatwa na askari. Sikujua kama atatoka.

Nikajiambia: kesho.

Jumanne tulipiga maharagwe. Mama alikuwa anaimba. Kila fimbo ilipoanguka nilisema moyoni, sasa, baada ya hii nasema. Adhuhuri nikaenda kujificha nyuma ya maganda nikasoma kurasa kumi na mbili. Fundi alikuwa bado jela. Jioni, niliposoma kwa sauti, Mama aliniomba nirudie pale pa mwanamke mwenye mimba, na nikarudia. Nilisahau niliyoyasema jana, nikasema jogoo aliwika mara mbili, Mama akanisahihisha.

Jumatano mvua ilinyesha asubuhi tukaingiza maharagwe ndani mbio. Sikupata nafasi ya kusoma ila kurasa nane, chooni, nimesimama. Nilimkasirikia kila mtu siku ile. Nilimjibu Papa vibaya, nikamsukuma mdogo wangu. Mama akaniuliza nina nini, nikamwambia tumbo. Akaniombea kwa binti wa kitabu nipone tumbo.

Alhamisi nilimaliza. Nilikuwa nimetumwa kuchota maji. Niliweka kibuyu kando ya kijito, nikakaa juu ya jiwe, nikasoma mpaka mwisho bila kujali kama kuna mtu anapita. Fundi alitoka jela. Mjomba aliaibika mbele ya watu wote. Binti alimwambia mzee tajiri maneno ambayo mimi ningetamani kumwambia kila mtu aliyewahi kuniambia nyamaza. Wakaoana, yeye amevaa gauni aliloshona fundi mwenyewe. Nililia kwa furaha kando ya kijito kile. Kwa muda huo mdogo sikuwa na dada, sikuwa na mtu yeyote, na sijawahi kusoma tena kitu kwa raha ya namna ile. Hilo ndilo ninaloona aibu kulisema kuliko yote.

Nilirudi na maji. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya meza, mchana kweupe, vumbi la maganda nyweleni, ananong'ona. Alikuwa anamwahidi binti wa kitabu kwamba mtoto akizaliwa salama, kama ni wa kike, atapewa jina lake.

Kibuyu kiliniponyoka.

"Mama, hakuna huyo mutu," nikasema. "Haiko mutakatifu. Iko hadisi tu. Mutu aliiandika kichwani mwake. Na yule mama wa mimba haimo kabisa, ni mi nilimuweka."

Mama aligeuka taratibu. "Ulimuweka wapi?"

"Mukitabu. Nilisoma maneno haimo."

"Tangu siku gani unajua?"

"Tangu siku ya kwanza."

Papa alikuwa ameingia. Alinipiga kofi moja, la haki, sikio likavuma mpaka jioni. Akakamata kitabu, na mimi nikafumba macho. Lakini Mama akasema, "Acha kitabu. Funga mizigo." Sauti yake ilikuwa kavu. Hakunipiga, hakunitukana. Alipita kando yangu kwenda kuchukua siagi, akapita tena, kama mtu anavyopita kando ya nguzo ya nyumba. Papa alikitupia kitabu darini juu ya moto, kwenye moshi, mahali pa mahindi ya mbegu, akasema Padri ataamua.

Waliondoka Ijumaa kabla jua halijachomoza. Nilibaki na wadogo zangu wawili na maharagwe yenye unyevu. Niliyaanika, nikayaanua, nikayaanika. Kila wingu nililitukana. Sikupanda darini hata mara moja. Kila siku nilitengeneza hesabu: leo wako njiani, leo wamefika, leo wanambeba kwa machela, leo daktari anamtazama. Nilikuwa hodari wa kutunga, na sasa sikuweza kutunga hata siku moja ikaisha vizuri.

Siku ya kumi na moja, alasiri, niliwaona chini kabisa, pale njia inapotokeza kwenye migomba. Kutoka uwanjani kwetu mtu anaonekana mapema sana kabla hajafika, na hayo yalikuwa mateso. Nilihesabu watu wawili. Nikajiambia dada amebaki kwa mumewe, ndivyo inavyopaswa, ana mtoto mchanga. Wakapotea nyuma ya kilima, wakatokea tena. Mama alikuwa ameinama mbele kidogo. Alikuwa amefunga kitu mgongoni.

Nilisimama hapo hapo mpaka walipofika. Sikukimbia kuwapokea mizigo, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Dada alikuwa ameshikwa na degedege Ijumaa usiku. Mtoto alizaliwa, wa kiume; dada mwenyewe alikufa Jumamosi. Papa na Mama walifika Kibua Jumapili jioni, na udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi, wa asubuhi ileile. Kama wangeondoka Jumanne wangefika Alhamisi. Hesabu hiyo Papa aliifanya kwa sauti mara moja, usoni pangu, na hakuirudia tena. Mimi nimeifanya tangu wakati huo mpaka leo nikiwa bibi kizee. Pengine machela yasingefika hospitali kwa wakati. Watu wameniambia hivyo, watu wema. Sikumuua dada yangu, najua. Lakini alimwita mama yake usiku kucha, shemeji alisema, na mama yake alikuwa bado njiani, kwa sababu ya siku alizopiga maharagwe akiimba.

Mtoto alinyonyeshwa na jirani yetu mmoja aliyekuwa na mtoto wa miezi minne. Mama aliniongelesha mambo ya lazima tu: lete kuni, teka maji, mushike kichwa. Miezi ilipita hivyo.

Kisha siku moja mchana, tukichambua maharagwe ya kupanda, mtoto amelala mgongoni mwake, akasema bila kuniangalia, "Panda darini. Leta kile kitabu."

Nilifikiri wakati wake wa moto umefika. Nilikishusha, cheusi kwa masizi, kurasa zimejikunja. Nikamnyooshea. Hakukipokea.

"Soma," akasema. "Yote. Maneno ilimo tu, basi."

Nilisoma siku hiyo na siku zilizofuata, kila tulipokuwa na kazi ya mikono. Nilisoma barua za ndani ya mkate jinsi zilivyo, uso wangu ukiwaka. Nilisoma zile kurasa saba. Mama aliendelea kuchambua, mabovu huku, mazima huku. Mara moja, fundi alipojichoma sindano kwa kumtazama binti, alicheka kidogo puani, kisha akamgusa mtoto mgongoni.

Tulipofika kwenye arusi aliniinulia mkono nikatize kusoma.

"Mama yake iko fasi gani? Arusi iko, simusikii mama yake."

"Alikufa, Mama. Iko kwa kurasa za mbele, zile zilichanwa. Mujomba anaitaja fasi moja tu."

Alishika maharagwe mkononi, hakuyaweka huku wala huku.

"Huyu alikosa mama juu mama alikufa," akasema. "Wangu alikuwa na mama muzima."

Nilisema nisamehe. Nilikuwa sijalisema neno hilo miezi yote, kwa kiburi na kwa woga, na lilitoka dogo kabisa. Mama alingoja nimalize kulia, akamhamisha mtoto upande wa pili, kisha akaniambia niendelee, kurasa bado ziko.